Bakshishi Haipenyezwi

WATU wengi wanapoingia katika nyumba ya kamari kwa mara ya kwanza, wanachokifikiria si pesa watakazopoteza. Wanaifikiria mikono ya wafanyakazi. Yule kijana anayegawa karata kwa adabu tangu saa mbili za usiku, je, apewe chochote? Yule binti anayezunguka na sinia la vinywaji, naye je? Wakipewa, watapewa vipi, na kiasi gani? Na zaidi ya yote: hiyo itakuwa shukrani, au itakuwa hongo?

Juma hili nataka tulizungumze jambo hilo, maana ni jambo la utamaduni kama mengine yote tunayoyazungumza katika ukurasa huu.

Najua wako wasomaji watakaokunja uso. Watasema: "Kamari ni haramu, nawe mwandishi watufundisha adabu za kamari?" Jibu langu ni fupi. Simwiti mtu yeyote kwenye meza ya kamari. Anayekwenda huko na ajue kwamba gurudumu la ruleti lina namba 37, na anayepatia namba moja hulipwa 35 kwa moja. Kwa hiyo mwenye nyumba amekwisha kujikatia fungu lake kabla mpira haujatua. Lakini mgawa karata hachezi kamari. Mfagiaji hachezi kamari. Wao wako kazini, na kasino zimekuwako nchini kwetu kwa zaidi ya nusu karne, na kwa miaka mingi zilikuwa chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 1966, baada ya Uhuru. Mfanyakazi ni mfanyakazi popote alipo, na jasho halina haramu.

Tena kuna sababu nyingine ya kuitazama kasino. Suala la bakshishi liko hotelini, liko kwa kinyozi na liko kwenye vituo vya petroli. Lakini katika kasino pesa ziko wazi mezani na vishawishi ni vingi, kwa hiyo wenyewe wamelazimika kufikiri sana jinsi shukrani inavyoweza kutolewa bila kuchafuka. Sisi tulio nje tunaweza kujifunza kwao.

KUTUNZA NA KUPENYEZA

Neno bakshishi asili yake ni Uajemi, nalo lilitufikia pamoja na maneno mengi ya biashara ya Bahari ya Hindi. Lakini tendo lenyewe hatukuliazima kwa mtu. Katika arusi za pwani kuna kifungua mlango na kuna kiosha miguu. Mwanagenzi akihitimu kazi humpa fundi wake kilemba. Mtu akimaliza utumishi wa miaka mingi hupewa kiinua mgongo, maana mgongo ulioinamia kazi sharti uinuliwe. Yatazameni majina hayo. Kila moja laitaja kazi yenyewe: mlango umefunguliwa, miguu imeoshwa, mgongo umeinama. Kazi hutangulia, zawadi hufuata.

Kisha kuna kutunza. Katika taarab, mama akiguswa na maneno ya mwimbaji huinuka kitini na noti mkononi, akaenda kwa madaha mpaka mbele, akamtunza mwimbaji huku ukumbi mzima ukitazama na kupiga vigelegele. Hamfuati mwimbaji nyuma ya pazia. Uzuri wa tendo lile ni kwamba laonekana. Na aghalabu noti zile hukusanywa, mpiga udi na mpiga ngoma nao wakapata chao.

Sasa ilinganisheni desturi hiyo na ile methali tuijuayo sote: Penye udhia penyeza rupia. Kitenzi ni kupenyeza. Rupia haitunzwi hapo. Yapitishwa mahali pafinyu, wakati macho ya watu yako kwingine. Tena yatangulia kazi. Hutolewa ili mlango ufunguliwe, ili faili ipatikane, ili sheria ifumbe jicho moja.

Basi tofauti ya bakshishi na hongo haiko katika noti, maana noti ni ile ile. Iko katika mambo mawili: imetolewa lini, na imetolewa mbele ya nani.

Wafaransa na Wajerumani huiita bakshishi kwa majina yenye maana ya pesa za kunywea. Nasi tulikuwa na neno la namna hiyo, chai, neno la ukarimu kabisa. Tukaliharibu wenyewe barabarani na maofisini, hata leo mtu akiambiwa "toa chai" moyo humwenda mbio. Ndiyo maana Wakenya wengi waungwana huona haya kutoa bakshishi hata pale inapostahili. Wanaogopa kuonekana wanahonga. Na wengine, kwa kuona haya, huitoa kwa siri, wakaifanya ifanane hasa na kile walichokuwa wakikiogopa.

MEZA ILIVYOPANGWA

Mgawa karata ana mtihani ambao wengi wetu hatuna. Anashika mali ya watu wawili kwa wakati mmoja: ya mwenye nyumba na ya mchezaji. Kete za plastiki zilizo mbele yake, ambazo wenyewe huziita chipu, ni pesa kamili. Moja tu ikiingia katika mkono wa shati, mtu amepata na mwingine ameibiwa.

Kwa sababu hiyo, katika kasino nyingi sare yake haina mifuko, au mifuko imefunikwa kwa aproni. Anapoondoka mezani kumpisha mwenzake, hupiga kofi dogo kisha akageuza viganja juu na chini mbele ya kamera. Mgeni asiyejua hudhani ni madaha. La hasha. Anasema kwa mikono: tazameni, siondoki na kitu.

Na bakshishi ina njia yake. Haitoki mkononi kwenda mkononi. Mchezaji huiweka kete juu ya meza, akasema wazi kwamba hiyo ni ya wafanyakazi. Mgawa karata huigongesha mezani ili msimamizi aisikie, akamshukuru mgeni, akaitumbukiza katika sanduku lililofungwa kwa kufuli. Sanduku hufunguliwa kwa wakati wake, pesa zikahesabiwa, na mara nyingi zikagawanywa kwa wagawa karata wote, aliyekuwa kwenye meza ya matajiri na aliyekuwa kwenye meza ya wenye shilingi chache.

Yaani bakshishi ile ina mashahidi watatu: msimamizi, kamera na sanduku. Mama wa taarab angeielewa mara moja.

ADABU ZENYEWE

Basi mtu aliyekwisha kujikuta huko afanye nini? Nimezungumza na vijana waliowahi kugawa karata, nikalinganisha na desturi za nchi nyingine, na haya ndiyo niliyoyaokota.

Kwanza, uliza kama nyumba ile inaruhusu. Katika jimbo la Victoria nchini Australia, sheria ya kasino ya mwaka 1991 inamkataza mgawa karata kupokea bakshishi. Huko Uingereza, kanuni za mwaka 1970 ziliwakataza wafanyakazi wa meza za kamari wasipokee, mpaka sheria ya mwaka 2005 ilipoleta utaratibu mpya. Las Vegas, Marekani, ni kinyume chake: bakshishi ni sehemu kubwa ya pato la mgawa karata. Kumlazimisha mtu apokee kile alichokatazwa si ukarimu. Ni kumtia matatani.

Pili, weka mezani, usitie mkononi. Wala usirushe. Nimewaona watu wakimrushia mhudumu pesa kama wanaowamwagia kuku mtama. Pesa ya namna hiyo humwumiza anayeiokota.

Tatu, chagua wakati. Mahali pake ni mwisho, unapoinuka kuondoka, au pale bahati inapokuangukia. Katika kasino za Ufaransa ni desturi ya zamani kwamba mtu akipatia namba moja ya ruleti huacha kete moja kwa ajili ya wafanyakazi. Wamarekani wana desturi yao nyingine: mchezaji huweka kete ndogo kando ya yake, akasema hii ni ya mgawa karata. Wakishinda, wameshinda pamoja. Wakishindwa, wameshindwa pamoja.

Nne, kiasi. Hapa hakuna sheria, na mwenye kukutajia asilimia fulani kama kwamba imeteremshwa kutoka mbinguni anakuongopea. Huko Las Vegas dola moja au mbili kwa kinywaji ni jambo la kawaida. Kwetu sisi methali inatosha: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Aliyepoteza hana deni kwa mtu. Nauli ya kurudia nyumbani na unga wa watoto si mali ya kutunza watu. "Ahsante sana, kijana, usiku mwema" haigharimu senti, na wale vijana waliniambia kwamba ni wachache mno wanaoitamka.

Tano, wakumbuke wasioonekana. Mgawa karata ana meza mbele yake, na bawabu ana mlango. Lakini mwosha vyombo, dobi na mfagiaji wa vyoo hawana mahali pa kusimama wakaonekana na mgeni. Si vibaya kuuliza kama sanduku lile linawafikia.

Sita, na hili ni kubwa kuliko yote: usinunue kitu kwa bakshishi. Mgawa karata hawezi kukupa karata nzuri. Akiweza, basi yeye na wewe ni wezi. Na yule binti wa vinywaji amekuletea kinywaji, hakukuletea nafsi yake. Mwanamume anayeweka noti juu ya sinia kisha akataka namba ya simu, au akamshika mkono asimwachie, hajatoa bakshishi. Ametaka kununua kisichouzwa, tena kwa mtu ambaye hawezi kumjibu kwa hofu ya kupoteza kazi. Huyo ni wa kuaibishwa mbele ya watu.

SANDUKU NI LA NANI?

Sasa twafika kwenye kiini cha mambo. Mgeni ametoa kwa moyo safi, mbele ya macho, na kete imeingia sandukuni. Je, nani mwenye ufunguo?

Katika hoteli moja ya pwani, ambayo sitaitaja, nililiona sanduku la mbao pale wanapolipia, limeandikwa maneno mazuri ya kuwashukuru wageni. Nikamwuliza mhudumu: "Pesa hizi, bwana mdogo, hugawanywa lini?" Akautazama kwanza mlango wa ofisi. Ndipo akasema kwa sauti ya chini: "Mzee, sisi hatujawahi kuliona likifunguliwa." Pale pale nilifahamu kwamba kile kilichoanza kama kutunza kilikuwa kimegeuka kupenyeza, ila safari hii aliyepenyezewa ni tajiri mwenyewe.

Ugomvi huu uko duniani kote. Mwaka 2006 kasino ya Wynn mjini Las Vegas, ambayo ilikuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia, ilibadilisha utaratibu wa sanduku ili wasimamizi wa meza nao wapate fungu. Hoja ya kampuni ilikuwa kwamba wagawa karata walikuwa wakichuma kuliko wakubwa wao. Wagawa karata wakajibu kwamba kama wakubwa wanalipwa kidogo, na wapandishwe mshahara na kampuni, wasilipwe kwa shukrani za wageni. Mwaka 2007 walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kesi ikaenda mpaka Mahakama Kuu ya jimbo la Nevada, ambayo mwaka 2013 iliupa mwajiri haki, kwa kuwa hakuzitia pesa hizo mfukoni mwake mwenyewe. Lakini mwaka 2018 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kinachowakataza waajiri, mameneja na wasimamizi wasijiwekee bakshishi za wafanyakazi wao. Kwa maoni yangu wale wagawa karata walikuwa na hoja tangu mwanzo.

Waingereza nao walipitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024. Inamtaka mwajiri awafikishie wafanyakazi bakshishi yote bila kuimega, aigawe kwa haki, na awe na maandishi yanayoeleza inavyogawanywa.

Na sisi? Sheria yetu ya ushuru wa VAT ya mwaka 2013 ilipoandikwa iliweka jambo la busara ambalo wananchi wengi hawalijui. Ile ada ya huduma inayotozwa hotelini na mikahawani badala ya bakshishi ilisamehewa ushuru huo kwa masharti: isizidi asilimia 10 ya bei, na igawiwe wafanyakazi moja kwa moja kwa mapatano yaliyoandikwa baina yao na mwajiri. Maana yake ni kwamba Serikali ilikubali kuacha haki yake kwa ajili ya mhudumu, si kwa ajili ya tajiri. Mwajiri anayeitoza ada hiyo kisha akaiweka yeye, anakula mahali pawili.

BAKSHISHI SI MSHAHARA

Wako wanaosema: kama ni hivyo, bakshishi na zife zote, watu walipwe mshahara mzuri basi. Siwapuuzi. Bakshishi ikizoeleka sana, mwajiri huanza kuihesabu kama mali yake. Huko Marekani sheria ya serikali kuu inamruhusu mwajiri kumlipa mtu wa bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, mradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha dola 7.25. Kiwango hicho cha dola 2.13 hakijabadilika tangu mwaka 1991. Yaani mgeni ndiye anayelipa mshahara, na siku isiyo na wageni mtu amesimama kutwa kwa vijisenti, akingoja mwajiri amfidie kilichopungua. Nevada, nyumbani kwa kasino, imekataa hesabu hiyo: mshahara wa kima cha chini hulipwa kamili, na bakshishi haipunguzwi humo. Huo ndio mfano wa kuiga.

Wako pia wanaosema: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mzoeze mhudumu bakshishi, kesho hatakutazama usipompa. Kweli hiyo hutokea. Lakini mgema hulitia tembo maji kwa kuwa sifa zilimlevya, hazikumpa haki yake. Mfanyakazi mwenye mshahara wa kutosha, na ambaye bakshishi yake yaingia katika sanduku la wote, hana sababu ya kumnunia mgeni mmoja na kumchekea mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa. Meza yapendeza kwa sababu mpishi amepika, mfagiaji amefagia na askari amelinda mlango.

Kuna jambo jipya la siku hizi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mgeni anaweza kumtumia mhudumu bakshishi kwa simu bila mtu mwingine kujua. Ni rahisi, nami siilaumu teknolojia. Hata hivyo naona yaturudisha gizani. Mwenzake aliyeosha vyombo hapati, na msimamizi mwenye wivu hupata sababu ya kudhania mabaya. Heri kila nyumba iwe na namba moja ya wafanyakazi wenyewe, iliyobandikwa ukutani, na hesabu yake isomwe mbele yao kila mwisho wa mwezi.

Nami nawaomba wenye kasino na hoteli wafanye jambo moja jepesi. Bandikeni juu ya sanduku karatasi inayosema linafunguliwa lini, nani anahesabu, na kila mtu anapata fungu gani. Kama hakuna cha kuficha, karatasi na wino si gharama. Wafanyakazi nao, kupitia vyama vyao, wadai mapatano hayo yaandikwe, wasiridhike na maneno ya mdomo.

Nasi wageni tuna kazi yetu. Kabla ya kutumbukiza noti, tuulize kwa sauti, meneja akiwa anasikia: "Pesa hizi ni za nani?" Tukijibiwa sawasawa, tutoe kwa moyo mweupe. Tusipojibiwa, tumpe mhudumu shukrani yake palepale mbele ya watu wote, kama nyumba hiyo inaruhusu, ili ijulikane kuwa ni yake na kwamba ameitolea jasho.